Ukinunua jina la pedali lililokufa, umenunua nini hasa?

Mwaka 1962 Gibson walitoa kiboksi kinaitwa Maestro Fuzz-Tone FZ-1, pedali ya kwanza ya kukwaruza sauti ya gitaa kuingia madukani kwa wingi, na mwaka huohuo wakasambaza zaidi ya 5,000. Ukiiangalia hiyo namba peke yake unasema hii biashara imeshika. Sasa miaka miwili iliyofuata oda zikakauka karibu kabisa, kwa nini, kwa sababu wenye maduka walikuwa bado wanazo zile za mwanzo, mzigo umedoda. Zile 5,000 wapiga gitaa walikuwa hawajazinunua, walionunua ni maduka. Ikabidi isubiri mpaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipoipitishia gitaa lake kwenye wimbo uliokuja kuvuma dunia nzima, ndo mzigo ukaisha na kiwanda kikarudi kazini.

Naanzia hapa kwa sababu siku hizi watu wengi sana wanatamani kufufua brandi za zamani za pedali, na wengi wanaanza na swali la sauti, yaani tutaipataje ile sauti ya zamani, wakati swali la kwanza linatakiwa liwe: hii brandi ilikufa na nini? Sauti inajibika. Fundi mzuri mwenye oskiloskopu na pedali moja ya zamani mkononi ataipata. Ila kilichoua kampuni hakionekani kwenye saketi, na mara nyingi bado kipo, kinamsubiri huyo anayekuja na hela mpya.

Kwa ambaye hapigi gitaa: pedali ni kiboksi cha chuma unakikanyaga kwa mguu, kinakaa kati ya gitaa na ampu (kikuza sauti), kazi yake kubadilisha sauti, iwe kuikwaruza, kuirudisha kama mwangwi au kuizungusha izunguke. Ndani kuna transista, rizista, kapasita, pengine chipu mbili tatu. Basi. Ni kitu kidogo na rahisi, na urahisi huo ndio unafanya biashara yake iwe ngumu, maana chochote unachotengeneza leo, kesho kuna mtu anakifungua na kukinakili.

Tuanze na unachonunua. Brandi iliyokufa kwa kawaida imebaki na vitu vichache: jina, labda michoro ya saketi, labda muonekano wa boksi, na mapenzi ya watu. Kiwanda hakipo, mafundi wametawanyika, na maduka yaliyokuwa yanauza yameshasahau au yameshafungwa. Hata jina lenyewe linaweza lisiwe na mwenyewe. Kwa sheria ya Marekani alama ya biashara ikikaa miaka 3 mfululizo bila kutumika inachukuliwa kuwa imetelekezwa, mpaka mwenyewe athibitishe vingine, na Ulaya ni miaka 5. Kwa hiyo kuna majina yamelipiwa hela nyingi na kuna mengine yameokotwa tu ofisi ya usajili. Na hapa watu wanachanganya mambo: saketi na jina ni vitu viwili tofauti kabisa. Saketi ya zamani kama haina hataza, au hataza yake imeshaisha muda, kila mtu anaruhusiwa kuitengeneza. Jina na sura ya boksi hapana. Angalia Klon Centaur, pedali ya Bill Finnegan, saketi yake imenakiliwa miaka na miaka na makampuni kibao yakauza tu, ila 2024 alipoenda mahakamani dhidi ya kampuni ya Behringer ugomvi ulikuwa jina na muonekano.

Maana yake ni nini? Ni kwamba wewe mfufuaji umelipia ile sehemu ambayo wengine hawawezi kuichukua, yaani jina, na ile sehemu inayotoa sauti wenzako wanayo tayari. Na wengine wanaiuza kwa bei ya chini kuliko utakayoweza wewe. Ukienda sokoni na hoja kwamba "sisi ndo tuna sauti ya kweli" umeingia kwenye mashindano ambayo jina halikusaidii.

Mfano wa Ross unalionyesha hili vizuri. Ross ilianzishwa na Bud Ross, yule wa ampu za Kustom kule Chanute, Kansas, na pedali yake inayotafutwa mpaka leo ni kompresa, ile ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, ambayo Trey Anastasio wa bendi ya Phish ndiye aliyewafanya watu waisake. Lakini saketi ya kompresa ya Ross ukiifungua ni karibu ileile ya Dyna Comp, kompresa ya kampuni ya MXR. Karibu ileile! Kampuni ya pedali ya JHS ya Kansas City ilipolirudisha jina la Ross mwaka 2023 ikaja na pedali tano kwa mpigo. Mi nikiangalia hesabu ya namna hiyo najiuliza: kati ya hizo tano, wanaolikumbuka jina wanaikumbuka ipi? Kompresa. Na kompresa ya aina hiyo mtu anaipata dukani, ina jina la MXR. Mapenzi ya watu kwa brandi ya zamani mara nyingi ni mapenzi ya pedali moja, na mara nyingine ni ya mpigaji mmoja tu aliyeitumia, hayajitandazi kwenye katalogi nzima kwa sababu tu nembo ni ileile.

Sasa tuje kwenye kuitengeneza upya, hapa kuna utamu wake. Chukua Phase 90 ya MXR, ile ya boksi la rangi ya chungwa, kitufe kimoja cha kuzungusha basi. Matoleo ya mwanzo ya miaka ya 70 jina limeandikwa kwa mwandiko wa mkono, ya baadaye kwa herufi za kuchapa, na wapiga gitaa wamebishana miaka na miaka kwamba zile za mwandiko zina sauti laini, zinazunguka polepole kama zinapumua, na hizi za herufi za kuchapa zinang'ata. Ukifungua ukaangalia bodi unakuta tofauti kubwa ya sauti inaletwa na rizista moja, kilohmu 24, inayorudisha sehemu ya sauti nyuma kwenye saketi. Ukikata mguu wake mmoja kwa koleo, ile pedali ya herufi inasogea sana upande wa ile ya mwandiko. Kazi ya dakika tano. Lakini kuna kingine ambacho koleo halikimalizi: ndani kuna transista nne za JFET ambazo lazima zilingane tabia, na zinatoka kiwandani hazilingani, kwa hiyo mtu anakaa anazipima moja moja, anazipanga kwa makundi, zinazobaki bila mwenza zinawekwa pembeni. Gharama ya hiyo kazi haionekani kwenye mchoro wa saketi. Ni muda wa mtu, na muda wa mtu ndo ulikuwa unalipwa tofauti mwaka 1974.

Fuzz Face, pedali nyingine ya kukwaruza, ndo usiseme. Transista mbili tu za jerimaniamu, saketi ambayo mwanafunzi anaielewa jioni moja, lakini jerimaniamu inavujisha umeme, kila kipande kina nguvu yake, na joto likipanda sauti inabadilika. Mbili zilizotoka kwenye pakiti moja zinaweza kulia kama zimetoka viwanda tofauti. Na kuna chipu zilizokwisha kabisa, kama MN3005 ya Matsushita iliyokuwa roho ya pedali ya mwangwi ya Deluxe Memory Man, ilikoma kutengenezwa na watu wakawa wanavunja mashine za zamani kuitafuta, mpaka kampuni ya Xvive ilipokuja kuitengeneza upya. Ongeza sheria ya Ulaya ya RoHS iliyoanza kubana 2006, inayokataza madini ya risasi na kadmiamu kupita kiwango, na vile vihisi mwanga vilivyotumika kwenye pedali nyingi za zamani vina kadmiamu ndani. Kwa hiyo hata ukiwa na mchoro halali mkononi bado kuna kazi.

Haya, hela. Hapa ndo wengi wanapofia, na ndo sehemu watu hawapendi kuisoma, ila isome.

Chukua bei ya dukani tuiite 100, bila kujali ni hela gani. Tuseme duka linachukua 35, wewe unabaki na 65. Vipuri, boksi, rangi na kifungashio vinakula 30, kuunganisha na kupima 15, umebaki na 20. Ukiuza nchi nyingine kupitia msambazaji naye anataka chake, tuseme kumi, na wewe unabaki na 10. Sasa kwenye hiyo 20 au 10 utoe mshahara wa aliyesanifu, matangazo, gharantii kwa zinazorudi, pango, na hela uliyolipia jina. Kama maandalizi yote mpaka siku ya uzinduzi yamekula 20,000, unahitaji kuuza pedali 1,000 ndo urudi sifuri, na zikipita zote kwa msambazaji ni 2,000. Hizo ni namba za kuelezea tu, ila uwiano wake siyo wa kutisha watu, biashara nyingi za vifaa vya namna hii zinafanana na hapo.

Na kuna mtego wa idadi. Ukiagiza chache kila moja inakuwa ghali, ukiagiza nyingi hela yako yote imelala kwenye maboksi. Ukizindua modeli tano kwa siku moja mtego huo umeuzidisha mara tano, kwa sababu kila modeli inataka bodi zake, boksi lake lililotobolewa kivyake, na chipu zake ambazo zinauzwa kwa roli nzima. Katika hizo tano moja itatembea, moja itasuasua, tatu zitakaa. Ila ulizilipia zote sawa.

Turudi kwenye swali la kifo, maana kampuni za pedali hazikufa kwa sababu moja, na aina ya kifo ndo inakwambia kama kufufua kuna maana.

Kuna zilizokufa wakati bidhaa ilikuwa nzima kabisa. Musitronics ya New Jersey, ya Mike Beigel na Aaron Newman, ilianza 1972 na ikatoa Mu-Tron III, ile pedali inayofanya sauti iseme "wau" kulingana na unavyogonga nyuzi, Stevie Wonder akaipitishia kinanda chake cha klavineti, Bootsy Collins akaipitishia besi, Jerry Garcia gitaa. Iliuza. Kilichoimaliza ni kitu kingine: Gizmotron, mtambo wa kufunga juu ya gitaa wenye vijigurudumu vya plastiki vinavyosugua nyuzi kama uta wa fidla, wazo la Kevin Godley na Lol Creme wa bendi ya 10cc. Wazo zuri mno, ila plastiki ilikuwa inaharibika, kuufunga ilikuwa shughuli, na uligoma kukaa sawa. Pedali za Mu-Tron zikauzwa kwa ARP, kampuni ya sintesaiza, ARP nayo ikaanguka 1981, na Gizmotron ikazama. Kwa hiyo Mu-Tron haikufa kwa kukosa wateja, ilikufa kwa kulipia ndoto nyingine. Ndo maana Beigel mwenyewe alipokuja kurudi na pedali hizo miaka mingi baadaye alikuta watu bado wanazisubiri.

Electro-Harmonix nayo ni hivyo. Mike Matthews aliianzisha New York mwaka 1968, Big Muff yake ikawa kila mahali, halafu mwanzoni mwa miaka ya 80 ukaja mgogoro na chama cha wafanyakazi, madeni, ikafilisika 1982, akajaribu tena ikafilisika 1984. Angalia alichofanya: hakukimbilia kulirudisha jina. Alienda kufanya biashara ya valvu za ampu kutoka Umoja wa Kisovieti, kitu ambacho wapiga gitaa walikuwa wanakihitaji na viwanda vya Marekani na Ulaya vilikuwa vimeacha kutengeneza. Hela ikarudi. Ndipo kupitia viwanda hivyohivyo vya Urusi akaanza kutoa Big Muff za mabati mazito, rangi ya kijeshi, mwanzoni mwa miaka ya 90, na utengenezaji New York ukarudi baadaye. Cha kufurahisha ni kwamba zile za Kirusi, ambazo zilikuwa njia ya bei nafuu ya kurudi sokoni, zikaja kupendwa zenyewe kwa sauti yake, mpaka 2017 kampuni ikatoa toleo dogo la kuifuata ile ya kijani. Kilichomrudisha Matthews kwanza ni hela ya kitu kingine, jina likafuata. Kwa maoni yangu hiyo ndo hadithi ya kufufua yenye mafunzo mengi kuliko zote kwenye hii biashara.

MXR ya Rochester ilizimika 1984, Dunlop wakalichukua jina 1987. Dunlop walikuwa tayari wana uhusiano na maduka, wana kiwanda, wanauza piki za kupigia gitaa na pedali za wah. MXR ikaingia kwenye gari linalotembea. Hivyo hivyo DigiTech na DOD, zilivyoachwa kufifia chini ya kampuni ya Harman zikaja kuchukuliwa na Cor-Tek ya Korea Kusini mwaka 2022, watu wenye viwanda tayari. Mtu binafsi anayelifufua jina kwa mkopo wa benki hana hiyo faida, na asijilinganishe nao.

Na kuna aina nyingine, zilizokufa kwa sababu watu waliacha kuzihitaji, au walipata ileile kwingine kwa bei nzuri. Hizi ndo hatari, kwa sababu zinaonekana zinatamanika kuliko zote. Zimekuwa adimu, adimu inapandisha bei ya mtumba, na mtu anaona pedali ya zamani inauzwa mara kumi ya bei yake anasema soko hilo! Hapana. Bei hiyo inawekwa na wakusanyaji wachache wanaogombania vipande vichache. Mwaka 2023 video moja mtandaoni ililinganisha DigiTech Bad Monkey, pedali iliyokuwa inauzwa kwa bei ya kutupa, na Klon, na ndani ya siku chache bei zake za mtumba zikaruka vibaya. Pedali haikuwa imebadilika hata rizista moja. Aliyeangalia hizo bei akadhani kuna maelfu ya watu wanasubiri mpya kiwandani angepotea.

Sasa tuseme umeshafufua na haikwenda. Kujifunza kutoka hapo siyo kukaa na huzuni ukasema "soko halikuelewa". Kuna kazi ya karatasi ya kufanya. Ya kwanza ni kurudi kwenye lile somo la FZ-1: tenganisha ulichouzia maduka na ambacho maduka yameuzia watu. Oda ya kwanza ya duka ni imani ya mwenye duka. Oda ya pili ndo mteja. Kama maduka 100 yalichukua na 15 tu ndo yakarudi kuagiza, ukweli ulikuwa mezani miezi mingi kabla ya akaunti kuanza kusoma sifuri, ila mwezi wa uzinduzi ulikuwa mtamu sana kiasi kwamba mtu akaagiza vipuri vya mzunguko wa pili.

Halafu uangalie imefeli wapi. Waliojaribu wakapenda lakini hawakununua? Hiyo ni bei. Hawakujaribu kabisa? Hawakujua ipo, au jina halikuwaambia kitu, na hili ni chungu kidogo kukubali, maana jina ambalo kwako limejaa kumbukumbu za utotoni, kwa kijana wa miaka 19 ni neno tu kwenye boksi la bluu. Walinunua wakarudisha? Hapo kuna tatizo la ubora. Majibu haya matatu yana dawa tatu tofauti, na kuyachanganya yote kwenye neno moja "imefeli" ni kupoteza ada uliyolipa.

Hata ile FZ-1 haikuwa na tatizo la sauti miaka yake mibaya. Gibson walikuwa wanaitangaza kama kitu cha kufanya gitaa lilie kama tarumbeta na tuba, na Richards naye alilipiga lile gitaa kama mchoro wa muda tu wa sehemu ambayo vyombo vya kupuliza vingekuja kuichukua. Wapiga gitaa walipoisikia inakwaruza kama gitaa linalokwaruza, siyo tarumbeta ya uongo, ndo wakaitaka. Bidhaa ileile, maelezo tofauti. Na Gibson walipolirudisha jina la Maestro mwaka 2022 hawakung'ang'ania kunakili katalogi ya zamani, walikuja na pedali tano zenye sura ya zamani na saketi za leo, mojawapo ikiwa fuzz (ya kukwaruza) yenye swichi ya kuchagua kati ya sauti ya zamani na ya kisasa.

Kuacha nako kuna namna yake. Ukiamua kufunga, usimwage mzigo wote mtandaoni kwa nusu bei siku moja, kuna maduka yaliyochukua kwa bei kamili mwezi uliopita na yatakukumbuka kwa hilo hata ukirudi na kitu kingine kabisa. Waambie mapema, wape punguzo au uchukue zao. Weka pembeni bodi, swichi na chipu za kutosha kurekebisha zilizo mikononi mwa watu, maana mpigaji aliyekuamini anastahili pedali yake ifanye kazi hata kama kampuni haikufanya. Na ile modeli moja iliyokuwa inatembea kati ya tano, iondoe kwenye jina la zamani uihamishie kwenye jina lako mwenyewe, kwa bodi ileile na sauti ileile, halafu uangalie maduka gani yanaagiza mara ya pili.